Mjadala: Kaburu mwenye damu ya Krotoa, na yeye ni mwenyeji wa Rasi?

Wakuu habari zenu, naomba tulijadili hili kwa hoja maana limenikaa kichwani sana. Kuna Makaburu wa Afrika Kusini wanachimba nasaba zao mpaka kwa mlowezi wa kwanza wa ukoo, wakifika juu huko wanakuta bibi yao ni Krotoa, basi wanasema na sisi ni wenyeji wa Rasi (eneo la Cape Town ya leo), hatuna deni na mtu. Je, damu hiyo inatosha?

Mimi nasema haitoshi, ila nasaba yenyewe ni ya kweli na isibezwe. Krotoa alikuwa binti wa Kikhoi, yaani wale wafugaji wenyeji wa Rasi, mpwa wa kiongozi wao mmoja, Autshumato, akakulia kwenye kazi za nyumbani kwa Jan van Riebeeck, yule mkuu wa Waholanzi aliyetia nanga pale 1652, akakijua Kiholanzi mpaka akawa mkalimani wao. Van Riebeeck aliandika kwamba binti akienda kwa ndugu zake anavua nguo za Kizungu anavaa ngozi za kwao. Hapo kila nikisoma roho inaniuma, mtoto mdogo anabadili nguo ndio aingie kwao! 1662 wakambatiza wakamwita Eva, 1664 akaolewa na Pieter van Meerhoff, tabibu kutoka Denmark. Mume akauawa Madagaska, mjane akaishia kufungiwa Kisiwa cha Robben, akafa 1674. Wanawe wakapelekwa Mauritius, na binti yake Pieternella akaolewa na Daniel Zaaijman, koo nyingi za leo zimetokea hapo.

Sasa hesabu. Mpaka leo ni kama vizazi 12, kila kizazi damu inapungua nusu, kwahiyo ni sehemu 1 kati ya zaidi ya 4,000, kipimo cha DNA kinaweza kisione kitu kabisa, inabidi urudi kwenye daftari za kanisa. Na daftari zilikuwepo siku zote jamani! 1950 serikali ilipotunga sheria ya kuandikisha watu kwa rangi, hizo koo zikaandikwa nyeupe, wenzao wa damu mchanganyiko, wenye asili hiyohiyo ya Kikhoi, baadaye wakaja kuondolewa kwa nguvu District Six, mtaa wa Cape Town. Mbona siku zile bibi hakutajwa?

Anayeona damu inatosha anijibu hilo kwanza, halafu ndio tuje kwenye ardhi.