Wazazi wa L'shi (Lubumbashi yetu), mwezi wa tano mnaniita nifanye muujiza gani?

Ba papa, ba mama, ba yaya na ba tantine wote, jambo yenu. Mwaka jana nilinyamaza. Leo sinyamazi, na mwenye kukasirika akasirike.

Kazi yangu ni kufundisha watoto nyumbani kwao, jioni na siku ya posho (jumamosi), kutoka Katuba mpaka Bel-Air, leo kwa bisi, kesho kwa miguu. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne simu yangu inalala. Mwezi wa tano ukiingia hailali tena. "Mwalimu, mtoto wetu ni finalisti, Exetat imekaribia, njoo basi umsaidie." Exetat ndiyo mtihani wa serikali wa kumaliza sekondere. Mtoto amekaa masomoni miaka 12, mimi napewa wiki nne, na bei bado mnaipunguza kama nauza nyanya.

Juma hili niliingia nyumba moja ya Kampemba. Nyumba nzuri, televisheni imejaa ukuta mzima. Mtoto yuko mwaka wa mwisho, option ya biashara. Nikamwambia anitafutie asilimia 15 ya franga 240 000. Akaandika 15 gawanya kwa 240 000, kisha akanitazama aone kama nimekubali. Baba yake alikuwa pale pale anaangalia mechi, akasema bila kugeuza kichwa: "Si unaona mwenyewe, huyu mvivu." Papa, huyu si mvivu. Huyu hajui asilimia ni kitu gani, na asilimia ni somo la primere, shule ya msingi. Tangu hapo amepita madarasa yote, na kila buletini ya pointi iliyofika nyumbani uliitia saini wewe.

Ndiyo maana nasema mtoto hafeli Exetat siku ya Exetat. Anafeli akiwa mwaka wa pili au wa tatu wa primere, siku anapopewa mstari mmoja asome, yeye anautunga kwa kutazama picha, na nyumbani hakuna anayejua. Benki ya Dunia iliandika kwamba hapa Kongo, kwa watoto 100 wenye miaka 10, 97 hawawezi kusoma maandishi mafupi wakayaelewa. Tisini na saba! Wale watatu waliobaki sijui wanaishi avenue gani, maana mimi hawajaniita.

Najua jibu lenu: serikali. Kweli kabisa. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inasema primere ya serikali ni bure, tukangoja mpaka Septemba 2019 ndipo ikaanza kutekelezwa, na ilipoanza watoto wakamiminika ila mabanki ya kukalia yakabaki yale yale. Nimeona watoto wanne wamebanana kwenye banki ya wawili na wenzao wamekalia matofali. Mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya 80, na pengine mwenyewe bado hajaingia kwenye orodha ya mishahara. Asahihishe daftari 80 usiku, kwa mshumaa alionunua nani? Mwezi wa kwanza mvua ikipiga bati, somo linasimama kwa sababu hakuna anayemsikia mwingine. Shule zenye zamu mbili, wa mchana wanarudi nyumbani jua linazama. Yote hayo nayajua na simtetei mtu. Ila serikali hailali nyumbani kwako. Wewe ndiye unayelala nyumba moja na mtoto asiyejua kusoma, miaka na miaka.

Halafu kuna Kifaransa, na hapa niacheni nikae kidogo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa, Kiswahili chetu kikiwemo, zitumike kufundishia primere. Nendeni madarasani mkaone. Mtoto anaongea Kiswahili nyumbani, Kiswahili kwenye avenue, Kiswahili wakati wa mapumziko, kisha kengele inalia na kila kitu kinageuka Kifaransa. Kitabu hakuna. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili, ananakili vibaya, usiku anakariri yale mabaya. Mwaka huu nimekuta daftari la biolojia ambalo mwenyewe alinakili nusu ya sentensi, ubao ukafutwa, akaendelea na nusu ya sentensi nyingine. Alikuwa amekariri zote mbili kama sentensi moja! Aliniimbia yote bila kukwama hata mara moja. Nikamuuliza kwa Kiswahili: haya, jani linafanya nini na mwanga wa jua? Kimya. Miaka mingi ya kukariri, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Mtoto wa namna hiyo ndiye mnampeleka kwenye mtihani wa kuchagua majibu. Swali linaomba sentensi iliyo ya uongo. Yeye anasoma nusu ya swali, anakuta sentensi ya kwanza ni ya kweli, anaitambua, anafurahi, anaiweka. Anakosa jambo analolijua! Hiyo naiona kila mwaka na inaniuma kuliko wasiojua kitu kabisa.

(Na ninyi mnaokataza Kiswahili nyumbani ili mtoto "azoee", sijawasahau. Mtoto anapata Kifaransa cha katuni, Kiswahili cha kuombea maji, na hana lugha hata moja anayoweza kufikiria nayo jambo refu.)

Minervali, yaani ada ya masomo. Sekondere si bure, hilo tunalijua wote. Mtoto anarudishwa nyumbani, anakaa siku tatu, mara nyingine wiki mbili, feza inapatikana, anarudi. Kumbe wenzake wameshamaliza sura nzima, interro (mtihani mdogo wa darasani) imepita na yeye kapewa sifuri. Mzazi analipa, anapewa risiti, anaona deni limekwisha. Deni la pili nani analipa? Yale masomo yaliyopita akiwa amekaa barazani? Hakuna hata mmoja anayesema, "Chukua daftari la mwenzako, unakili, nionyeshe." Nafungua daftari hizo mwezi wa tano, naona tarehe inaruka kutoka 12 mpaka 29, na najua hapo ndipo shida ya kemia ilipoanzia. Shule inayomfukuza mtoto katikati ya interro nayo inajua inachofanya, na nyingine zinafanya hivyo makusudi kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kumtoa mzazi feza mfukoni. Aibu kwao.

Sasa tuseme yale msiyotaka yasemwe. Mwezi wa pili nilimwomba mzazi mmoja anunue kitabu cha mazoezi, akaniambia hali ni ngumu. Mwezi wa sita feza ikaonekana! Ya "kufuatilia" watoto kwenye centre wanakofanyia mtihani, ya kundi la WhatsApp ambako mtu asiyejulikana jina wala sura anauza maswali ya kesho. Alinionyesha alichonunua. Ulikuwa mtihani wa mwaka mwingine, mwaka umefichwa kwa wino. Watu wazima! Maswali yanatolewa kwa seri mbalimbali, jirani ya mtoto wako ana seri yake, karatasi za majibu zinaenda kusahihishwa kwingine, na wewe unalipa mtu wa kwenye simu. Kalamu nazo zinapelekwa kuombewa. Sikatazi maombi, mimi mwenyewe naomba. Ila kalamu haijui kugawanya.

Kisha matokeo yanatoka. Upande mmoja wa avenue watu wanamwagiana poda kichwani, ng'ambo mtoto anapigwa mkanda, au anaambiwa nyanya wa kijijini ndiye aliyemfunga akili. Nyanya wa watu yuko anapalilia mihogo yake, hata hajui Exetat inafanyika mwezi gani.

Mabinti pia. Binti ana mtihani kesho, ila saa kumi na moja asubuhi yuko kwenye foleni ya maji, jioni anapika bukari (ugali), usiku delestaje, umeme umekatwa, anaosha vyombo kwa tochi ya simu. Kaka yake, darasa moja naye, amelala. Halafu mnaniuliza kwa nini binti kapata 42 kwa mia.

Mzazi afanye nini basi? Kwanza acheni ile sababu ya "mimi sikusoma". Kuna mama mmoja anauza fretin soko la Kenya, komine ya hapa L'shi, primere hakumaliza. Kila jioni akipanga vifungu vyake vya samaki, mtoto wake wa mwaka wa saba anakaa karibu naye, anafunga daftari na kumwelezea somo moja la siku hiyo kwa Kiswahili. Moja tu. Mama anauliza maswali ya mtu asiyejua: kwa nini? Halafu? Hayo maji yalienda wapi? Mtoto akikwama anafungua daftari. Daftari lisipokuwa na jibu, kesho anamuuliza mwalimu, na jioni mama anadai jibu lake. Kazi ya robo saa. Mtoto huyo si wa kwanza darasani, simpambi, ila nikimuuliza kitu ananieleza mimi, haniimbii. Mama huyo hajawahi kunilipa hata franga moja, na ana haki, hanihitaji.

Wewe uliyesoma na una meza nyumbani, unashindwa wapi?

Kama mtoto yuko primere, mpe ukurasa ambao hajawahi kuuona, si ule wa daftari lake alioukariri. Asome, akueleze. Asipoweza, hilo ndilo tatizo, usitafute lingine, na utamsomesha kila siku mpaka aweze. Interro zilizosahihishwa zidai zirudi nyumbani. Msiangalie pointi peke yake, tazameni kosa lenyewe, kisha mtoto alifanye upya karatasi ikiwa imegeuzwa. Mtoto akifukuzwa kwa ajili ya feza, siku hiyo hiyo apitie kwa mwenzake achukue daftari. Maswali ya Exetat za nyuma yaanze mwezi wa kwanza, kidogo kidogo, kwa saa iliyopimwa, na kila swali alilokosa aseme alikosea wapi: hakujua, hakuelewa Kifaransa, au hakusoma mpaka mwisho? Hayo ni magonjwa matatu na dawa zake ni tofauti. Dissertation, ile insha ya Kifaransa, haitungwi kwa wiki moja, kwa hiyo aandike ukurasa mmoja wa Kifaransa kila juma tangu mwaka mmoja kabla ya ule wa mwisho, hata kama ni kuhusu mechi ya Mazembe na Lupopo. Na alale! Usiku mzima wa kukariri kabla ya mtihani unamwacha mtoto anasinzia juu ya karatasi.

Nendeni masomoni mwezi wa kumi na moja mkazungumze na titileri, mwalimu msimamizi wa darasa, mikono mitupu, msingoje mwezi wa sita na bahasha. Komite ya wazazi mnaijaza siku ya kujadili feza tu. Siku ambayo agenda ni pointi za hesabu, tunakuwa watu sita pamoja na mlinzi.

Na option, jamani. Mtoto hapendi hesabu tangu utoto wake, mnamsukuma hesabu na fizikia kwa sababu mtoto wa jirani yuko huko. Shauri yenu.

NYONGEZA, usiku: nimeona majibu.

Yaya unayesema natafuta wateja: nimeeleza hapo juu namna ya kuishi bila mimi. Mteja gani anatafutwa hivyo?

Papa wa Ruashi anayeuliza mtoto wa mwaka wa nne wa primere anayesoma neno kwa neno bila kuelewa, kama bado kuna muda: upo, tena mwingi. Anza kwa Kiswahili kwanza, ajue kwamba maandishi yanasema kitu. Hata ile Biblia ya nyumbani inatosha. Kifaransa kifuate kwa sentensi fupi, na kila sentensi akugeuzie kwa maneno yake. Baada ya miezi miwili niandikie, nitakuambia cha kufuata, bure.

Mama wa komine ya Kenya (si yule wa fretin), binti yako wa mwaka wa tano nitamchukua kuanzia mwezi wa tisa, saa kumi na nusu, kwa sharti kwamba saa hiyo hatumwi maji wala makala ya kupikia.

Finalisti, hawa wa mwaka huu, sipokei tena mtu. Na wewe uliyeniandikia pembeni ukiuliza kama ninamjua mtu wa centre: simjui, na namba yako nimeifunga.