Kibodi mekanika ya kutaipu kutwa nzima bila kuumiza vidole, nichukue ipi?

MfasiriWaUbungo

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu. Mi kazi yangu ni tafsiri na pia kunukuu mahojiano, yaani natumiwa sauti naiweka kwenye maandishi, karibu yote ni Kiswahili, kwa hiyo kutwa niko kwenye kibodi na kazi zikibana usiku pia. Mpaka sasa natumia kibodi ya laptopu yenyewe ila siku hizi ikifika jioni kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinauma sio mchezo, na kifundo cha mkono huohuo kinakaza. Mkono wa kulia hauna shida kabisa, hiyo ndo inanishangaza.

Nimeona watu wanasifia kibodi za mekanika, zile ambazo kila batani ina swichi yake chini, lakini kila nikisoma ndo nazidi kupotea, mara swichi nyekundu, mara za kahawia, mara za bluu, mara saizi ya asilimia 60, mara 75. Nikapita Kariakoo, muuzaji akanitolea moja ina mataa rangi zote za dunia akasema dada hii ndo ya kazi, kuibonyeza inalia kama cherehani na mimi nafanyia kazi chumbani mtoto kalala pembeni. Gemu sichezi, mataa sitaki. Bajeti laki mbili, nikijikaza naongeza kidogo. Nichukue ipi?

chuma_hakilali

Redragon K552, maliza mjadala. Bodi ya chuma, batani 87, hata ukimrushia mwizi haivunjiki. Ninayo miaka na inadunda tu.

BataniMojaMbili

Mkuu hapo juu, dada kasema mtoto kalala na wewe unampa K552, ambayo madukani kwetu mara nyingi inakuja na swichi za bluu? Unataka mtoto akue anachukia kazi ya mama yake.

Dada ngoja nikueleze taratibu maana hizi rangi zinachanganya watu bure. Rangi zilianza na kampuni ya Kijerumani ya Cherry, swichi zao za MX ziko sokoni tangu miaka ya 80, hataza yao ilipoisha ndo Wachina wakina Gateron, Kailh na Outemu wakaanza kutengeneza zinazofanana na rangi wakazichukua hivohivo. Kwa hiyo nyekundu inashuka moja kwa moja bila kukwama popote, ya kahawia ina kinundu kidogo unakihisi katikati ya safari, ya bluu ina kinundu halafu inalia klik. Ya bluu wewe isahau, hata kama kidole kinaipenda.

Halafu kuna uzito, na hapa ndo wengi wanaponunua bila kuangalia. MX nyekundu unaibonyeza kwa nguvu ya kama gramu 45, ya kahawia 55 ukihesabu pale kwenye kinundu, nyeusi 60. Ukisoma kwenye karatasi unaona gramu 15 ni nini bwana, lakini zidisha kwa kurasa unazotaipu kwa siku na kumbuka kidole kidogo ndo dhaifu kuliko vyote.

Kingine, batani ya mekanika inashuka milimita 4 lakini herufi inatoka ukifika kama milimita 2, nusu ya njia. Huna haja ya kugonga mpaka chini. Waliozoea laptopu wanakuja na mkono wa kupiga ngoma, wanagonga mpaka bodi inatikisika, wiki mbili baadae wanakuja kulalamika kwamba mekanika inaumiza. Ukijifunza kuishia katikati ndo unaona raha yake, na kelele nayo inapungua nusu maana kelele nyingi ni ile ya plastiki kugonga chini.

Kwa hiyo mimi ningekwambia nyekundu ya kimya, zipo zinaitwa Silent Red, ndani zina kipande cha mpira kinachomeza mgongano. Au uchukue kibodi yoyote ambayo swichi zake zinachomoleka, usiyoipenda unaing'oa unaweka nyingine, hakuna kulehemu. Royal Kludge RK84 inachomoleka na bei yake sio ya kutisha. Keychron V3 ni nzuri zaidi ila ukiweka usafiri na VAT ya asilimia 18 bajeti yako itapiga kelele kuliko swichi za bluu.

kamau_wa_CBD

Niko Nairobi, naongezea tu. Ukienda kununua hizi za kuchomoleka uliza soketi ni za aina gani, kuna bodi za bei ya chini zinakubali swichi za Outemu peke yake juu miguu yake ni myembamba, ukiforce Gateron unaharibu soketi na hiyo ni hasara yako. Mimi nilinunua yangu Luthuli, muuzaji akaapa inakubali zote, kufika nyumbani haikubali. Enda na swichi moja mfukoni, mwambie afungue box, ujaribu hapo hapo kwa kaunta. Akikataa toka, maduka ni mengi.

Na usichukue asilimia 60, zile za batani 61. Ni ndogo na zinakaa vizuri kwa picha lakini hazina batani za mishale, kila saa unashikilia Fn na kidole kingine, kwa mtu wa kuandika na kurekebisha maandishi hiyo ni mateso. Chukua 75 ama TKL, yaani ile iliyokatwa sehemu ya namba ya kulia. Ile kubwa yenye namba upande wa kulia pia hapana kama hufanyi hesabu, inasukuma mausi mbali na bega linakaa limefunguka siku yote.

Mama_Fizio

Pole dada. Kabla hujatoa hela naomba nikuulize kitu kimoja, hicho kidole kinauma au kinakufa ganzi? Nauliza kwa sababu vinachanganywa sana. Kikifa ganzi kidole kidogo pamoja na nusu ya kile cha pete, mara nyingi neva inayobanwa ni ile inayopita nyuma ya kiwiko, ileile ukigonga kiwiko ukutani unahisi umeme. Watu wanaegemeza viwiko kwenye ukingo wa meza kutwa nzima wakisikiliza, halafu wanalaumu kibodi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati ni habari nyingine, hiyo ni neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Swichi haitibu hata moja ya hizo. Kama ni ganzi, au vitu vinakuponyoka mkononi, nenda hospitali wakuangalie, usisubiri kibodi ifike.

MfasiriWaUbungo

Asanteni sana. @Mama_Fizio ganzi hapana, kinauma tu, kama misuli imechoka, nikipumzika Jumapili Jumatatu asubuhi kiko sawa, ikifika Jumanne jioni kimerudi. Viwiko siegemezi maana meza yangu iko juu kidogo, mikono inaning'inia.

@BataniMojaMbili nimeelewa sasa. Swali langu ni kwa nini kushoto tu? Na mimi natumia vidole kumi, nilisomea uhazili, sio wale wa kudonoa.

nukuu_za_usiku

Dada mimi nafanya kazi kama yako, nina jibu la kwa nini kushoto. Ni herufi A.

Angalia mwenyewe, andika "watafanya kazi". Herufi 13, A ziko 5, na zote tano zinapigwa na kidole kidogo cha kushoto. Kiswahili chetu kimejaa A, ngeli ya watu ni wa-, nyakati ni -na- na -ta-, vitenzi vingi vinaishia na a. Wanaotaipu Kiingereza A wanaikuta, ila E ndo inaongoza na wao E wanaipiga kwa kidole cha kati chenye nguvu. Kwa hiyo ushauri mwingi wa kibodi unaousoma huko umeandikwa na watu ambao kidole chao kidogo hakina shughuli kama chako.

Sasa ongeza Shift ya kushoto, Ctrl ya kushoto, Tab, vyote vinamwangukia huyohuyo. Na unatumia programu gani kunukuu? Kama ni oTranscribe, kusimamisha na kuendeleza sauti ni Esc, ipo kule kona ya juu kushoto, nadhani unaelewa naelekea wapi.

MfasiriWaUbungo

Aisee. Ni hiyohiyo oTranscribe. Na Esc naipiga kila sentensi, wakati mwingine mara tatu nne kama mzungumzaji anamung'unya maneno.

nukuu_za_usiku

Basi mshitakiwa kapatikana. Mimi nilifanya hivi, kanunue pedali ya mguu ya USB, zile wanazotumia makarani wa kunukuu, unaipangia sauti isimame na irudi nyuma kwa mguu na mikono haiondoki kwenye herufi. Sijawahi kununua kitu cha kazi kilichonisaidia kuliko hicho, kibodi inafuata nyuma. Kama hela haitoshi kwa vyote viwili anza na pedali. Na kama haitoshi hata kwa hiyo, ingia kwenye mipangilio ya oTranscribe uhamishe ile amri ya Esc uipeleke kwenye batani ya mkono wa kulia, bure kabisa, fanya leo.

Halafu kwenye kibodi, ndo uzuri wa zile za kuchomoleka, si lazima swichi zote ziwe sawa. Mimi kwenye A nimeweka Gateron Clear ya gramu 35, kwingine kote nyekundu za 45. Siku za kwanza utapiga A bila kukusudia, utaona "aasubuhi" na "naaomba" kila mahali, kidole kinaacha kuilalia taratibu. Wenzangu wananicheka ila mimi ndo ninayelala bila kupaka dawa ya misuli.

dvorak_mwenyewe

Mnazunguka tu, dawa ni kuhama QWERTY, huu mpangilio wa herufi wa kawaida. Nenda mpangilio wa Dvorak au Colemak, mikono inatulia mstari wa katikati, hakuna kuruka juu chini.

BataniMojaMbili

Mkuu Dvorak ya mwaka 1936 na Colemak ya 2006, zote mbili A wameiacha palepale chini ya kidole kidogo cha kushoto. Huyu dada atateseka mwezi mzima kujifunza upya halafu akute kidole kilekile kinauma palepale. Kwa Kiingereza sikatai, lakini shida yake ni A.

dvorak_mwenyewe

Duh, hilo kweli. Basi bodi inayopangika upya kwa programu ya VIA, aihamishe A kwenye kidole gumba 😂

kamau_wa_CBD

Kwa gumba iko spacebar boss, ama unataka maneno yote yashikane.

Mama_Fizio

Dada umesema meza iko juu na mikono inaning'inia, hiyo nayo usiipite. Kibodi ya mekanika ni nene kuliko ya laptopu, ukiiweka kwenye meza ambayo tayari iko juu viganja vitapinda kuelekea juu zaidi na hicho kifundo kinachokaza kitakaza mara mbili. Panda wewe, weka mto kwenye kiti mpaka viwiko vifike usawa wa meza, miguu ikikosa sakafu tafuta kitu cha kuikanyagia. Vile vimiguu vya nyuma ya kibodi vikunje, usivifungue, sijui nani aliwadanganya watu kwamba kibodi lazima iinuke nyuma. Kimto cha mbele ya kibodi ni cha kupumzikia ukiwa unasikiliza, ukianza kutaipu viganja vielee. Na laptopu yenyewe ipandishe juu ya vitabu, kioo kifike usawa wa macho, maana sasa kibodi haimo tena ndani yake, shingo nayo itakushukuru.

chuma_hakilali

Haya mmeniweza, K552 naitoa mezani. Ila jamani kuna watu wanataipu maisha yao yote kwenye kibodi za mpira za elfu kumi na tano na vidole viko salama, tusimfanye dada aone bila Gateron hawezi kuishi.

nukuu_za_usiku

Hilo sikupingi. Kibodi ya mpira iliyo laini, bapa, meza ikiwa sawa, ni bora kuliko mekanika ya gramu 60 kwenye meza ya juu. Ila za mpira zikichoka zinakuwa nzito na huwezi kubadilisha batani moja, unatupa yote. Na huwezi kuilegeza A peke yake.

MfasiriWaUbungo

Nimehamisha Esc tayari, nimeipeleka F9 ya mkono wa kulia, jioni hii nikajikuta bado napeleka kidole kule kona kwa mazoea. Pedali naitafuta wiki hii. Kibodi nitasubiri mwisho wa mwezi, nimeelekea RK84 yenye nyekundu, na kwenye A niweke hiyo ya 35. Swali la mwisho, hiyo Clear wanauza moja moja au lazima ninunue pakiti nzima?

BataniMojaMbili

Mara nyingi pakiti, na ni zaidi ya unazohitaji. Uko Dar, mimi niko Sinza, ninazo zimebaki kwenye droo. Nitumie ujumbe inbox, nakupa mbili, moja ya A na moja ya akiba. Weka na kwenye Shift ya kushoto kama itakufaa, ila hiyo ijaribu kwanza, batani ndefu zikiwekewa swichi nyepesi sana zingine zinagoma kurudi juu.