MJADALA: Presha ikiwa sawa, daktari ana haki ya kumwambia mgonjwa wa uchovu sugu kuwa hana kitu?

Mtoa mada: Wakuu, mwaka 2020 madaktari wa Uholanzi, van Campen na Visser, pamoja na Rowe wa Marekani, walitoa majibu ya wagonjwa 429 wa uchovu sugu (ME/CFS, ugonjwa wa uchovu mzito usioisha hata ukipumzika). Mgonjwa alilazwa kwenye kitanda kinachoinuliwa mpaka akawa kama amesimama, huku damu iendayo kichwani ikipimwa kwa ultrasaundi kwenye mishipa ya shingo. Kwa watu wazima wa afya damu hiyo ilipungua asilimia 7. Kwa wagonjwa, asilimia 26. Sasa sikilizeni hapa: wagonjwa 247 presha na mapigo yao ya moyo hayakuwa na kasoro yoyote, na bado damu ilishuka kwa asilimia 24! Ile mashine ya kufunga mkononi haikuona kitu. Kwangu mimi, presha nzuri si sababu ya kumwambia mtu "ni mawazo tu".

Kigogo wa Tanga: Mtu anayeshinda kitandani lazima mwili ulegee. Afanye mazoezi. Hata Waingereza waliyaweka kwenye mwongozo wao wa kutibu ugonjwa huu wa 2007.

Mtoa mada: Na 2021 wakayaondoa, mkuu. Hao wagonjwa wakijikaza leo, kesho hawainuki. Kuhusu kulegea, watafiti walewale waliwapanga wagonjwa kwa kadiri miili ilivyolegea, na damu ilipungua karibu sawa kwa wote.

Mama Zuhura: Mimi ninao. Nikikaa naongea vizuri tu. Nisimamishe kwenye foleni ya benki robo saa, hata jina la mwanangu linanitoka. Nilipoeleza hospitali nikapimwa presha, nikaambiwa nipunguze mawazo. Mawazo yanajuaje kama nimekaa au nimesimama?

Mtu wa Maabara: Pole dada. Ila tusikimbilie. Tafiti hizo kituo ni kimoja, wapimaji ni walewale. Kuna utafiti wa zamani wa Marekani wa pacha wa kufanana, mmoja mgonjwa mwenzake mzima, na damu ya ubongo haikutofautiana.

Mtoa mada: Hao walipimwa wakiwa wamepumzika. Ubishi wetu ni mtu akisimama.

Mtu wa Maabara: Hapo umenibana. Lakini kwetu uchovu una mengi nyuma yake: upungufu wa damu, sukari, kifua kikuu, tezi ya shingo. Ukianza na mishipa ya shingo utamwacha mtu na TB yake.

Mtoa mada: Vipimwe vyote hivyo kwanza, sibishi. Visipoonyesha kitu, daktari aandike "sababu haijapatikana". Kwa nini aandike "mzima"?

Kigogo wa Tanga: Na mwajiri akiletewa cheti cha "sababu haijapatikana", atampa likizo ya ugonjwa?