Mada: Mtoto wa darasa la tano ashuke kuona mafuvu?

Mama Wawili (mleta mada): Wakuu, nisaidieni mawazo. Mimi Mtanzania, nimeolewa Kigali. Shule imeleta barua: mwezi wa tano, ndani ya zile siku mia za Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, darasa la tano wanapelekwa kanisa la kumbukumbu la Nyamata, wazazi tusaini. Lile kanisa nimeshaingia. Mabenchi yalikuwa yamejaa nguo za waliouawa mle Aprili 1994, zote zimegeuka rangi moja ya udongo. Bati limetobolewa na vipande vya mabomu, jua linapenya kwa vitone. Nyuma, nje, unashuka ngazi, na huko mafuvu yamepangwa kwenye rafu. Nilipopanda nilikaa chini palepale, mtu mzima wa miaka 34. Mwanangu ana 11. Baba yake, mzaliwa wa hapa, anasema aende. Kalamu inanigomea.

Jirani wa Kagera: Dada, aende. 1994 nilikuwa mtoto Missenyi. Ghafla tukakatazwa kuchota maji mtoni, samaki wakatoweka mezani, na ukiuliza unafukuzwa. Miaka mingi nilijua samaki walipata ugonjwa. Kumbe mto ulikuwa unapitisha maiti kutoka Rwanda. Waganda waliziopoa ziwani kwa maelfu, wakazizika Kasensero, Lambu na Ggolo. Wazee walinyamaza ili watulinde. Mimi naona walituachia uongo tukue nao.

Mwalimu wa Historia, Arusha: Jirani, kusema ukweli si lazima uonyeshe fuvu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya Rwanda ilipokuwa hapa, kabla haijafungwa mwisho wa 2015, nilikuwa napeleka kidato cha tatu wakae nyuma ya kioo na vifaa vya kusikilizia masikioni. Hawakuona mfupa hata mmoja. Waliona mzee wa suti na tai akiulizwa habari za mikutano, orodha za majina, matangazo ya redio. Njiani kurudi, binti mmoja ambaye darasani hata mkono hanyanyui akaniuliza: "Mwalimu, kumbe walikaa kikao?" Swali hilo nilikuwa nalitafuta muhula mzima. Fuvu linakuambia mtu aliuawa. Halikuambii karani, mtangazaji na jirani walifikaje pale. Mtoto wa miaka 11 anaelewa kitambulisho. Mwonyeshe kile kilichoandikwa kabila tangu enzi ya Wabelgiji, miaka ya 1930, umweleze kilivyotumika kwenye vizuizi vya barabarani 1994.

Na hata kwenye mauaji ya Wayahudi ubishi haujaisha. Ujerumani kuna vijiwe vyenye bati la shaba, sentimita kumi kwa kumi, vinavyofukiwa njiani mbele ya nyumba: hapa aliishi fulani, kazaliwa mwaka huu, kachukuliwa, kauawa Auschwitz. Mtoto anainama kusoma. Lakini jiji la München limevikataa kwenye njia zake, na mmoja wa waliovipinga ni Charlotte Knobloch, Myahudi aliyenusurika: hataki majina ya marehemu yakanyagwe. Jumba la makumbusho ya mauaji hayo kule Washington, kwa maonyesho yake makuu, linashauri kuanzia miaka 11. Kwa hiyo, mama, mwanao yuko mpakani kabisa (hapo sijakusaidia, najua).

Kijana wa Kigali: Mwalimu, shikamoo. Nimezaliwa 1999. Kwetu hakuna albamu, picha ziliungua na nyumba. Mama akitaka kunionyesha babu yangu, ananipeleka kwenye rafu kama hizo, na hatujui lipi ni lake. Shangazi yangu kila mwaka anagombana naye kwa hilo: maiti anazikwa, haanikwi. Mama anamjibu kwamba wakizikwa leo, kesho atatokea mtu aseme hawakuwahi kuwepo. Na watu hao wapo, wamejaa mitandaoni. Mimi kati ya hao wawili sijapata upande. Ila hiki kinachoitwa "fuvu" humu tangu asubuhi, kwetu ni mtu wa nyumbani.

Mwalimu wa Historia, Arusha: Marahaba, mwanangu. Umenifunga mdomo, nakiri. Ningependa kujua wewe ulipelekwa na miaka mingapi.

Kijana wa Kigali: Saba. Nilimshika mama sketi muda wote. Ninachokumbuka zaidi si mifupa, ni kwamba alikuwa anawasalimia.

Jirani wa Kagera: Basi hilo ndilo swali, dada. Mwanao atashika sketi ya nani? Mwalimu mmoja na watoto arobaini?

Mama Wawili: Asanteni wote. Nimempigia mwalimu wa darasa, nikamuuliza kama watoto wanaweza kuishia kanisani wasishuke chini. Ameahidi kuuliza. Usiku nikamsomea baba watoto maneno yenu yote, hadi ya sketi. Wakati ule yeye alikuwa na miaka minne. Nikamuuliza, wewe siku ya kwanza kuingia Nyamata ulijisikiaje? Akakaa kimya, halafu akasema hajawahi kuingia. Barua ina nafasi ya mzazi wa kuwasindikiza. Asubuhi nimekuta kaandika jina lake.