Naomba ushauri: deni la 1984, shilingi ya Kenya kwa ya Tanzania

Wakuu, habari za leo. Marehemu baba alikuwa na duka Tanga, mali akiifuata Mombasa kupitia Horohoro. Kwenye daftari lake tumekuta mstari wa Machi 1984, wino wa bluu: "Shemeji, Ksh 2,400, mabati. Bado." Watoto wa shemeji wanaidai, nasi tumekubali kulipa. Kazi iko kwenye hesabu.

Mwaka 1966 sarafu hizi zilianza zikiwa sawa, moja kwa moja. Leo moja ya Kenya inakaribia 20 za kwetu. Ila 1984 kulikuwa na bei ya benki na bei ya magendo pale mpakani, na mzee alitumia ya pili, tusidanganyane. Halafu 1986 yetu ikashushwa, kutoka kama 17 kwa dola hadi 40.

Kaka anang'ang'ania bei ya benki ya mwaka ule, tulipe kwa shilingi za Tanzania. Hela hiyo leo hainunui hata bati moja! Mimi naona tukadirie kwa bei ya mabati ya sasa. Nyie mngefanyaje? Na aliyewahi kutafuta viwango vya miaka hiyo Benki Kuu, Dar au Nairobi, alianzia dirisha gani?