Mafundi wa mifumo, acheni kutuachia nywila kwenye historia ya amri!

Wadau, leo nina hasira na nitasema. Kuna kampuni hapa Kampala iliyoiwekea SACCO yetu mfumo wa mikopo. Fundi wao huingia kwenye seva kwa akaunti tunayoitumia sote, anafanya yake, anaondoka. Jana natafuta amri ya zamani, nabonyeza mshale wa juu, nakutana na `mysqldump -u root -p`, amri ya kunakili hifadhidata ya MySQL, na nywila yenyewe imenata kwenye hiyo p. Nikipanda kidogo, `curl -H`, amri ya kutuma maombi mtandaoni, yenye ufunguo wa malipo ya simu, mzima mzima. Akiba za wauza matoke na waendesha boda, halafu funguo zake zimeanikwa ndani ya `.bash_history`, faili linalotunza amri tulizoandika, ambalo hata `cat`, amri ya kuonyesha maandishi ya faili, inalisoma!

Nikampigia. Eti, "Futa hiyo historia, yaishe." Yaishe vipi? Faili hilo hunakiliwa kwenye chelezo (nakala ya akiba) kila usiku pamoja na saraka nzima. Na amri inapokuwa inaendelea, Linux ya kawaida humruhusu mtumiaji yeyote wa seva kupiga `ps aux`, inayoorodhesha amri zinazoendelea, akaona kilichoandikwa. MySQL hujaribu kuificha nywila, lakini kuna upenyo kabla haijaificha. Nywila ikishaonekana hivyo ni ya kubadilishwa, hakuna njia nyingine.

Na kinachoniuma ni kwamba kujikinga ni kazi ndogo mno. Andika `-p` tupu bila nywila, programu itakuuliza nywila na haitaonekana ukiiandika. Kwa kazi za usiku weka nywila kwenye faili la `~/.my.cnf` lenye `chmod 600`, yaani mwenye akaunti pekee ndiye anayelisoma. Curl nayo husoma mipangilio kwenye faili kwa `-K`. Ule ujanja wa kuanza amri na nafasi ili isiingie kwenye historia unafanya kazi pale tu mpangilio wa `HISTCONTROL` una `ignorespace` au `ignoreboth`, na hata hapo `ps` bado inaona.

Sasa wanatudai malipo ili wabadilishe ufunguo waliouanika wenyewe! Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na wanachama watakuja kutuuliza sisi, si wao.

Aliye na mkataba unaosema wazi kwamba fundi akiondoka nywila zinabadilishwa kwa gharama ya kampuni yake, aniwekee hapa kifungu hicho. Tunakutana nao wiki hii.