Naomba ushauri: matumbo ya panya buku yanatupwa karibu na kisima

Assalaam alaykum. Nina shamba la mikarafuu karibu na Kizimbani, Unguja, na vibarua wangu wawili waliotoka Mtwara hutega panya buku kwa ajili ya kitoweo. Sisi hatuli nyama hiyo, lakini kwao ni chakula cha kawaida tangu utotoni, nami sina nia ya kuwavunjia heshima.

Kinachonitia wasiwasi ni matumbo, ambayo huyatupa hatua chache kutoka kisimani, mahali ambapo paka huyala na watoto hucheza miguu mitupu. Nafahamu kwamba nyama ikipikwa ikaiva vizuri minyoo hufa; hatari iko katika mikono ya anayepasua, na hata katika unga wetu, kwa kuwa tegu wa panya humfikia mwanadamu anapomeza mdudu wa unga aliyekula mayai yake kwenye kinyesi cha panya. Paka naye hupata tegu kwa kula ini la panya lenye vifuko vya tegu wachanga.

Je, inatosha kuyafukia matumbo hayo kwenye shimo refu, au ni bora yachomwe moto? Na dawa za minyoo wanazopewa watoto skuli zinatosha kwa tegu wa panya, au ni lazima wapimwe choo kwanza? Nitashukuru sana kujibiwa na mwenye uzoefu wa maabara au wa mifugo.